Makungu Ame Kificho, Aliyewashusha Watu Mabega, 1936–1971

Kwa jina la Mwenyezi Mungu. Haya ni maisha ya mjukuu wangu Makungu Ame Kificho, nimeyaandika mie Mashavu binti Usi, bibi yake mzaa mama, kwa herufi za Kiarabu za chuoni maana nyengine sikufundishwa, na anayewasomea ni Muhiddin, mume wa mjukuu wangu mwengine, nimemwambia asome kilichoandikwa na asiongeze sifa, maana marehemu wa mji huu wote husifiwa kwa maneno mamoja, ukisikiliza utadhani ni mtu mmoja anayekufa kila wiki.

Marehemu alizaliwa Paje tarehe 12 Agosti 1936, mtoto wa pekee wa binti yangu Mwatima na mumewe Ame Kificho, na mama yake akafariki kwa uzazi mwezi wa Mei 1940, yeye na kichanga chake, baba akaoa pengine, nami nikamchukua nikamleta Unguja mjini, katika nyumba hii hii ya Kiponda mliyokaa ukumbini mwake sasa hivi. Alisoma chuoni akahitimu msahafu mwaka 1947, akasoma skuli ya serikali akamaliza darasa la nane mwaka 1952, na hakuwa na akili za kupindukia, walimu walimpenda kwa kuwa alikuwa kimya.

Mie ni mkandaji, nnakanda wazazi siku arubaini zao baada ya kujifungua na walioteguka viungo, na Makungu alijifunza kwangu kabla ya kujifunza kwa mtu mwengine, kwamba mtu atakwambia hajambo na bega lake likakwambia jengine, usikilize bega. Tarehe 1 Machi 1954 aliajiriwa hospitali kuwa mtumishi wa wodi, mwaka 1957 akawa muuguzi, akawekwa upande wa wagonjwa wa akili, na huko daktari mmoja mgeni akamfundisha kusikiliza mapigo ya moyo na kuhesabu pumzi, mpaka Februari 1964 daktari huyo alipoondoka na sanduku moja bila ya kuaga.

Tarehe 18 Juni 1960 alifunga ndoa Matemwe na Time binti Jecha, mke mvumilivu kuliko mume alivyostahili, wakajaaliwa watoto watatu, Mwatum aliyezaliwa 1961, Ame aliyezaliwa 1963, na Kidawa aliyezaliwa 1967, na wote wapo hai.

Sasa nije kwenye kazi yake, maana ndiyo iliyomuua. Tangu mwaka ule wa sitini na nne watu wa mtaa huu walianza kuumwa magonjwa yasiyokuwa na jina, mwanamke tonge haliteremki, mwanamme kikombe cha kahawa kinamchezea mkononi, mwengine gari likisimama tu njiani moyo wake unakwenda mbio mpaka anatapika, wakenda hospitali wakapewa vidonge vya usingizi, na wakiamka ugonjwa umewakalia ubavuni unawangoja. Makungu akirudi kutoka kazini saa tisa akawa anawapokea ukumbi wa nyuma, mmoja mmoja, juu ya mkeka, na nataka mjue kwamba hata siku moja hakumuuliza mtu unaogopa nini, kwa sababu miaka hii swali hilo likijibiwa tu, wanaojua jambo huwa wameshakuwa wawili. Yeye aliuliza, "Leo hofu imekaa wapi?" Mtu akajibu imekaa kooni, au tumboni, au hapa chini ya ziwa la kushoto, naye akaweka mkono pale pale, akamwambia akanyage sakafu kwa nyayo zote mbili aisikie baridi yake, avute pumzi kama anayenusa asumini, aitoe kama anayepoza uji, kisha kila mara, kwa kila mtu, maneno mawili yale yale, "Shusha mabega." Mabega yakishuka, na tonge linashuka. Hapakuwa na uganga wala hirizi, na walionizulia kwamba nyumba yangu ina mashetani wamo humu leo, wanakula halua yangu.

Mie nilimwambia, "Makungu, unapiga deki na paa linavuja." Akanijibu, "Ndiyo, bibi, lakini watu wanalala hapo chini." Alisema kweli, nami pia nilisema kweli.

Mwezi wa Machi 1970 alikuja Borafya, fundi wa saa wa Sokomuhogo, aliyesoma naye skuli, mikono inamtetemeka hata hawezi kushika bisibisi ya kufungulia saa, na kufikia Aprili mikono ilitulia, akarudi kwenye meza yake. Mwanzo wa Juni akaja tena, yu taabani kuliko mara ya kwanza, na Makungu siku ile alikuwa amechoka, ametoka zamu mbili, na labda alikwishaanza kujiona hodari, akamuuliza lile swali ambalo kwa miaka sita hakuwahi kumuuliza mtu. Mie nilikuwa nyuma ya pazia nachambua mchele. Borafya akamwambia kuna mtu amekuja dukani kwake mara mbili, hana saa mkononi wala mfukoni, anakaa tu kwenye benchi anatazama, na kwamba yeye Borafya ameshapata njia ya kuvuka kwenda Mombasa siku ya Jumatano, ila miguu haimchukui. Makungu akamwambia, "Mtu kukaa kwenye benchi si kitu, ndugu yangu, mwili wako ushazoea kuogopa, sasa unaogopa hata pazia likitikisika, usiufuate." Akamshughulikia Jumatatu, akamshughulikia Jumanne, mpaka Borafya akapitiwa na usingizi juu ya mkeka mchana kweupe, anakoroma. Yote hayo niliyasikia, nami nikaendelea kuchambua mchele.

Jumatano Borafya hakuvuka, alifungua duka. Alhamisi tarehe 11 Juni 1970, baada ya alasiri, aliitwa. Ninaposema aliitwa mnanielewa, na asiyenielewa asiulize. Walioona wanasema jina lake lilitajwa mlangoni, akaitikia, "Naam," akakitoa jichoni kile kioo cha kutazamia saa, akakiweka juu ya meza, akatoka mabega yameshuka, mwendo wa mtu anayekwenda kununua sigara, na tangu siku hiyo mpaka leo mama yake, Bi Mwamvua, hajaonyeshwa hata kanzu yake.

Siku ya arubaini Bi Mwamvua alikuja hapa, akakaa mkekani pale alipokuwa akikaa mwanawe, akamwambia Makungu, "Nimekuja na mie unishushe mabega, kama ulivyomshusha mwanangu." Makungu akanyoosha mkono, ukabaki hewani, akasema, "Siwezi, mama." Bi Mwamvua akamwambia, "Basi nirudishie hofu yake, maana hiyo ingemkimbiza." Akavaa viatu akaondoka, na kwa kuwa amekaa hapo karibu na mlango leo, namwambia mbele yenu kwamba alisema haki.

Tangu siku hiyo marehemu hakupokea mtu tena. Akaanza kuumwa yeye, hapati pumzi, moyo unampiga mpaka shati linatikisika, na Time akajaribu kumfanyia yale yale, akamuuliza, "Leo hofu imekaa wapi?" akajibiwa, "Haikukaa, inatembea." Januari 1971 alilazwa wiki mbili, akapewa dawa za presha, Mei akalazwa tena, na madaktari wakasema moyo umepanuka, mie sijui moyo unapanuka vipi, nilichokiona ni mabega yake kupanda kila mwezi mpaka shingo haionekani. Nilimkanda kila siku kwa mikono hii, kwa mafuta ya nazi na karafuu, nikishusha bega la kulia la kushoto linapanda, na sikuwahi katika miaka hamsini ya kazi kushindwa na bega la mtu, ila la mjukuu wangu. Akafariki tarehe 14 Septemba 1971, saa nne asubuhi, mkekani, ukumbi wa nyuma, na siku ile ile alasiri akazikwa Paje, ubavuni mwa mama yake.

Nawashukuru madaktari kwa walichokiweza na kwa kukiri wasichokiweza. Nawashukuru wenzake wa kazini waliolichukua jeneza mpaka Paje. Nawashukuru majirani waliokuwa wakija kwa mlango wa uani wakati wa shida zao, wakaacha kabisa kupita kichochoro hiki baada ya Borafya kuitwa, na leo wamejaa kwa mlango wa mbele, mnakumbukwa nyote, mmoja mmoja na maradhi yake. Mkiniuliza kazi yake ilikuwa na faida gani, nitawajibu kwamba wengi wenu mmekula na mmelala kwa ajili yake, na kilichokuwa kikiwatisha bado kipo pale pale.

Jambo la mwisho. Huyu Muhiddin anayewasomea ndiye aliyemwosha, naye alitoka chumbani akaniambia, "Bibi, mabega hayakubali kushuka, sanda haikai." Nikaingia kabla hawajaifunga sanda, nikaweka viganja vyangu pale nilipomfundisha mwenyewe, nikasubiri, hata sikubonyeza, yakashuka.

Lala, Makungu, mabega chini. Hapana anayekuita.