Mchoraji Aliyependa Foleni ya Malaba

Truphena Apeduno amekifanyia kazi Kiwanda cha Vitabu vya Mpakani kwa miaka thelathini na mmoja, na Ijumaa hii, tarehe 28 Novemba, anastaafu. Mhasibu wetu anasema jambo hilo haliwezekani, kwa kuwa Mama Truphena hajawahi kuajiriwa na mtu. Ni kweli. Amekuwa mchoraji wa kujitegemea tangu siku ya kwanza, na hata kiti cha ofisini alikikataa. Lakini watoto kutoka Amukura hadi Rukala wamejifunza kusoma huku wakitazama picha zake, kwa hiyo mhasibu atatusamehe.

Kuchora alianzia ukutani. Kwao Amukura, kila Desemba mama yake alisiriba nyumba upya na kuipamba kwa udongo wa rangi rangi, naye Truphena aliachiwa upande wa nyuma usioonekana na wageni. Haukupita muda, wageni wakawa wanapelekwa nyuma kwanza. Alipomaliza shule alichora vibao vya vinyozi mjini Busia na kupamba madigadi ya malori. Mhariri wetu wa kwanza alimgundua kupitia kibao cha muuza kuku: kuku aliyechorwa pale alikuwa na uso wa kiumbe anayejua kabisa kinachomsubiri jikoni.

Kujitegemea si lelemama. Mwezi huu vitabu vitatu, miezi minne inayofuata hakuna hata kimoja, na majirani wanauliza kwa upole ataanza kazi lini. Wateja walimpunguzia malipo wakisema ni kuchora tu, si kulima. Mchapishaji mmoja wa mbali alimtaka aondoe malori kwenye picha za kijiji, eti vijiji havina malori. Alimjibu kwamba chake kinayo, akarudi kuchora.

Hakupenda kubuni nyuso. Alibeba ubao, penseli na jerikeni la kukalia, akaenda Malaba, pale malori yanapopanga mstari yakisubiri kuvuka kwenda Uganda. Dereva aliyekwama, alisema, ndiye mtu pekee asiye na haraka ya kumkataa. Alianza na masikio, maana mtu akikasirika masikio hayabadiliki. Macho yalikuja mwisho.

Siku moja foleni ilimchezea. Alikuwa anachora babu wa kitabu cha darasa la pili, na kabla hajamaliza, dereva aliyekuwa akimtazama ili amchore babu huyo akavuka mpaka. Akaendelea na dereva aliyefuata. Babu akaanza kitabu akiwa na mashavu manene na kukimaliza akiwa amekonda. Walimu wa Matayos waliwaambia watoto kwamba babu aliugua katikati ya hadithi. Hatukuwahi kupata maelezo bora zaidi.

Tangu hapo alijiwekea sheria: kwanza anamuuliza Chrispine, wakala wa forodha, karatasi za nani bado hazijatoka. Huyo ndiye anayechorwa. Madereva nao si wajinga. Waligundua kwamba ukiona jerikeni la Mama Truphena limewekwa mbele ya lori lako, leo huvuki. Wakaanza kumkimbia kama mkosi. Aliyeongoza kwa kukimbia alikuwa Erastus, dereva wa kutoka Mombasa, mwenye uso ambao mchoraji yeyote angeutamani. Kwa miaka mingi, akimwona tu anapandisha kioo.

Miaka miwili iliyopita mkono wa Mama Truphena ulianza kutetemeka. Tuliogopa, na tukanong'ona kuhusu kompyuta za kunyoosha mistari. Akatusikia. "Msinirekebishie mstari," alituambia. "Siku mkono ukikataa kabisa, nitawaambia mimi mwenyewe." Alitaka jambo moja tu, kukimaliza kitabu chake cha mwisho, hadithi ya mwenye duka wa Rukala anayekataa kuhama mto Nzoia ukifurika. Mwezi wa nane ulibaki uso wa huyo mwenye duka tu. Lakini sasa sikio moja lilimchukua nusu asubuhi, na alihitaji mtu ambaye hangeondoka.

Mimi ninayeandika haya nilimsindikiza Malaba. Chrispine alisema karatasi za Erastus haziwezi kutoka kabla ya kesho. Erastus alipoliona jerikeni alishusha pumzi, akateremka, akakaa. Saa sita mchana karatasi zikatoka. Mstari ukaanza kusonga, honi zikalia nyuma, na uso ulikuwa bado hauna macho. Mama Truphena akaanza kukunja karatasi yake. Nilitamani kulia.

Erastus alipanda lori na kuliwasha. Akalisogeza kando ya barabara, akalizima, akarudi kukaa palepale huku wenzake wakimpita.

"Maliza macho, mama," alimwambia. "Uganda iko tu."

Alikaa hadi jioni. Picha hiyo iko kwenye jalada la kitabu, na mistari yake inatetemeka. Hakuna aliyeigusa.

Mama Truphena, asante kwa kila sikio na kila jicho. Jerikeni sasa lirudi kwenye kazi yake ya maji. Tunakuombea afya, siku nyingi nyumbani Amukura zisizo na haraka, na popote foleni inaposonga, usikose mtu wa kukungoja.