Historia ya Baba Yetu Sentimita, Mpima Miti

Ndugu, jamaa, majirani na wafanyakazi wenza wa marehemu, poleni sana kwa msiba, mimi ni kitinda mimba wake, nimepewa kazi ya kusoma historia hii, na kwa kuwa sijazoea kusimama mbele za watu naomba mnivumilie, nitasoma polepole kama nilivyoandika.

Baba yetu, ambaye wengi mlimjua kwa jina la Sentimita, alizaliwa tarehe 3 Juni 1964, akiwa mtoto wa tatu wa fundi seremala, akaanza shule ya msingi Januari 1972 na kumaliza darasa la saba mwaka 1978, baadaye akasoma kozi ya misitu ya miaka miwili, na tarehe 1 Februari 1983 akaajiriwa na ofisi ya misitu kuwa mpima miti, kazi aliyoifanya miaka arobaini, akizungushia kila mti utepe kwenye usawa wa kifua, na utepe ukikaa upande alianza upya, hata mvua ikimnyeshea.

Tarehe 12 Desemba 1987 alifunga ndoa na mama yetu, fundi cherehani, wenzake wakamtania kwamba alimpima kwanza ndipo akaposa, naye akawajibu, "Nilipima, nikarudia, jibu likawa lilelile," wakajaliwa watoto wanne na wajukuu saba, wa mwisho ni huyu niliyembeba mgongoni.

Miaka mitatu iliyopita serikali ilianza kutoa ruzuku kwa wanaopanda miti ya nishati, ile inayokua haraka ikakatwakatwa na kuchomwa kwenye mitambo ya umeme, kwa sharti kwamba ipandwe mahali palipokuwa kichaka, si msitu, na neno hilo kichaka ndilo lililomkosesha baba raha, kwa sababu kampuni ya magogo ilimtaka aliandike kwenye fomu ya msitu ulio juu ya chemchemi yetu, ili ivune mbao za miti mikubwa, kisha ipewe ruzuku ya kupanda mingine, naye akakataa mara mbili, akisema hajawahi kuona kichaka chenye mti wa kukumbatiwa na watu watatu, na meneja alipomwambia, "Mzee, ni neno moja tu," akamjibu, "Basi liandike wewe, na chini uweke jina lako."

Tarehe 2 Machi 2023, saa nne asubuhi, akiwa ofisini, alipatwa na kiharusi, akalazwa wodi namba sita, mkono wa kulia na ulimi vikiwa vimekufa ganzi, mama na mimi tukipokezana kumlisha uji, na hakutoka wodini humo mpaka alipofariki tarehe 29 Machi, saa tatu asubuhi.

Baba mdogo, ambaye ni dereva wa kampuni ya magogo, jana aliniomba nisome mwaka tu, tarehe niziache, akasema, "Mwanangu, tuzike kwanza, mengine tutayaongea," nami namheshimu, baba mdogo unisamehe, lakini misumeno inaingia msituni keshokutwa Jumatatu, na fomu iliyobandikwa kwenye ubao wa ofisi imeandikwa kichaka, ina sahihi ya baba, na tarehe yake ni 14 Machi, siku ambayo hakuweza kushika hata kijiko.

Tunawashukuru daktari na wauguzi wa wodi namba sita, hasa kwa kutuandikia cheti chenye tarehe zote, mama anacho hapa mkononi, na bwana misitu, uliyekaa mstari wa mbele, ukishaweka udongo tunaomba ukipokee, tunawashukuru majirani mliotushikia watoto, wenzake wa ofisini mliochimba kaburi, na kampuni ya magogo kwa mbao za jeneza, mbao tumezipokea, ile fomu hatuipokei.

Baba, hukutia sahihi ile, nimesoma na watu wote wamesikia, sasa pumzika kwa amani.