Mzee Lyamba Amezikataa Rasimu Mbili

Ndugu Silvester Lyamba, Mkaguzi wa Ubora, anastaafu leo, tarehe 30 Juni 1998, baada ya kuitumikia karakana yetu ya vipuri vya ndege hapa Mpanda kwa miaka ishirini na moja. Kamati imenipa mimi, Enoka Ndaki, fundi wa bati, kazi ya kuandika wasifu wake. Nimechanganyikiwa tangu Jumatatu, na sioni haya kusema.

Kazi yake ni rahisi kuieleza. Yeye ndiye mtu wa mwisho kukishika kipuri kabla hakijafungwa kwenye ndege. Anakipima kwa maikrometa, anakimulika tochi, anapitisha ukucha pembeni, kisha anakigonga muhuri wake au anakifunga karatasi nyekundu. Karatasi nyekundu nilizopewa mimi zingetosha kuezekea banda la kuku. Na habembelezeki: nilimpelekea asali ya Inyonga, akaila asali, kipuri akakirudisha. Kwenye harusi ya binti yake Monika alikagua viti vyote kabla wageni hawajaketi. Vinne akavikataa, na baba wa bwana harusi akala amesimama.

Kwenye rasimu ya kwanza niliandika kwamba hakuwahi kukosea. Akairudisha na karatasi nyekundu. Alitaka niandike habari ya Agosti 1993.

Haya basi. Mwezi ule ndege ndogo ilizimikiwa na injini, ikatua Mwamkulu kwenye shamba la mahindi lililokwisha kuvunwa. Rubani na wauguzi wawili walitoka wazima, tunamshukuru Mungu. Kibati kinachoshikilia bomba la mafuta, kilichotoka kwetu na muhuri wa Mzee Lyamba, kilikutwa kimekatika. Je, kilikatika angani kikaizima injini, au kilikatika ndege ilipopiga matuta? Ripoti ilisema mafuta yalikuwa na maji. Meneja akaridhika, nasi tukaridhika. Mzee hakuridhika. Mpaka leo anasema muhuri ulikuwa wake, kwa hiyo iandikwe. Nilimwuliza kama anaamini alikosea. Akanijibu kwamba hajui, na ndiyo maana anataka iandikwe. Sasa nimpongeze au nimpe pole? Nimeshindwa kuamua.

Kwenye rasimu ya pili niliandika habari hiyo yote, nikaongeza na sentensi moja yangu. Akaikata kwa wino mwekundu na kuandika pembeni kwamba huu ni wasifu wake, wa kwangu nitaandikiwa siku yangu ikifika. Miaka mitano ameubeba muhuri wake peke yake, na jina la mtu mwingine hakulitaja popote.

Asante, Mzee. Karakana nzima inakuombea afya njema na mpunga wa kutosha huko kwenu Majimoto. Mimi unisamehe kwa jambo moja: rasimu hii ya tatu hukuiona, na ile sentensi nimeirudisha. Kibati kile nilikitengeneza mimi.