Mkono Nilioogopa Kuukunja

Wapendwa, nashukuru kwa kunipa nafasi hii. Mnivumilie. Mimi si mtu wa kusimama mbele ya watu, mimi ni wa kukaanga samaki pale sokoni Ndhiwa.

Siku hiyo nilikuwa nachanja samaki ubavuni, vile tunafanya ili chumvi na mafuta yaingie. Kisu kikateleza, kikaingia kwenye kiganja changu cha kulia, chini ya vidole. Damu nimeizoea. Kilichonitisha ni kwamba nilijaribu kukunja vidole viwili vya mwisho, vikakataa. Nilivitazama kama vya mtu mwingine.

Jirani yangu wa meza akaniambia, "Funga kitambaa. Kidonda kikikauka, vitarudi." Ndugu zangu, nawaambia, nilitaka sana kumwamini. Lakini mama mkwe wangu, ambaye naishi naye tangu mume wangu afariki, alikuja akaangalia ule mkono akasema, "Kidole hakikunjiki, halafu tunangoja kidonda kikauke? Panda pikipiki." Tukaenda hospitali ya Homa Bay.

Daktari akasema kano zimekatika, zile nyuzi za ndani zinazovuta vidole. Akazishona. Nikatoka na plasta ngumu mgongoni mwa mkono, na maneno ya dada wa mazoezi ya viungo ambayo yalinimaliza kabisa. Aliniambia, "Ukishika kitu kwa nguvu, ile kano itakatika tena. Na usipokunja vidole kabisa, itashikana na nyama na vitabaki hivyo. Kila siku vikunje polepole kwa mkono wa kushoto, kisha viachie vinyooke."

Sasa mimi nifanye nini hapo? Nikikunja naharibu, nisipokunja naharibu. Watoto wangu wanakula kwa mkono huo. Nyumbani nilikuwa nagusa kidole, nasikia kitu kinavuta ndani, naacha. Mama, ndivyo ninavyomwita mama mkwe, akiniuliza, namwambia nimeshafanya. Aliona kwamba nadanganya.

Kisha kakake mama akafariki huko Magunga, na ikawa lazima twende. Mnajua matanga ya kwetu. Unapita mbele ya watu wote mkono kwa mkono, na wazee wetu hawashiki mkono kwa huruma. Wakikupa pole, mpaka mifupa inasikia. Niliuficha mkono ndani ya leso. Niliogopa kuliko siku ya kisu.

Mzee wa kwanza akanyoosha mkono wake, mimi nikarudi nyuma. Akauliza kwa sauti, "Huyu ana kiburi gani?" Mama akasimama katikati yetu, akamsalimia. Kisha akamsalimia tena. Akasema, "Mkono wa kwanza ulikuwa wangu. Huu ni wa mke wa mwanangu. Wake umeshonwa ndani." Akaendelea hivyo hadi mtu wa mwisho, kila mmoja mara mbili, na yeye ndiye aliyefiwa. Wengine walicheka kidogo. Mimi nililia.

Tulipoketi, akanigeukia. "Nimeusalimia ukoo mzima kwa niaba yako. Sasa wewe nifanyie jambo moja. Kunja, nikiona."

Wapendwa, nilikunja. Nilikuwa nangoja tu nisikie kano ikikatika. Nikaachia. Haikukatika. Akasema, "Tena."

Tangu hapo ilikuwa kila siku mbele yake, hata nikinuna. Plasta ilipotolewa, yule dada akaniambia nivikunje bila kusaidiwa. Vilisogea kidogo sana, kama vimetoka usingizini. Nikasikia mama nyuma yangu akisema, "Nyasaye, Mungu wangu, asante."

Nawashukuru waliokaanga samaki wangu nilipokuwa siwezi, wakaniletea hesabu yote. Yule dada wa Homa Bay namshukuru. Mama yuko hapo nyuma, hapendi kutajwa, nanyi msimwangalie.

Ninachowaomba ni hiki. Mtu akikatwa na kidole kikakataa kukunjika, msingoje ngozi ifunge, mpelekeni siku hiyo hiyo. Na akirudi ameshonwa, muwe naye wakati wa mazoezi, kwa sababu peke yake atadanganya kama mimi.

Kidole cha mwisho hakijafunga vizuri hadi leo. Na hofu haijaisha, sitawadanganya. Asubuhi kabla ya kushika kisu, nakunja kwanza vile vidole viwili. Kisha nachanja samaki.