Mama Dirisha na Fomu za Penseli

Tarehe thelathini ya mwezi huu, saa kumi jioni, dirisha la ofisi ya kanisa letu litafungwa na mkono uleule uliolifungua kila siku ya kazi kwa miaka thelathini na miwili. Katibu wetu, ambaye kila mtu kuanzia mchungaji hadi muuza magazeti wa pale kona anamwita Mama Dirisha, anastaafu.

Wazee wa kanisa walitafuta mtu wa kuandika wasifu wake kwa ajili ya sherehe hii ya kumuaga. Mchungaji angeandika vizuri, ila angejaza mistari ya Biblia mpaka mhusika mwenyewe apotee humo ndani. Mwalimu wa kwaya angeandika vizuri pia, ila angelia. Ndipo wakanikumbuka mimi, dereva na fundi mitambo wa kanisa, mtu aliyeishia darasa la sita lakini akaendesha lori katika nchi nne na kubishana na askari wa barabarani katika zote nne, na kushinda katika tatu. Waliomba ukurasa mmoja. Watanisamehe.

Alianza kazi akiwa na miaka ishirini na minane. Ofisi yenyewe ilikuwa stoo nyuma ya ukumbi, ina viti vilivyovunjika miguu, kinanda kisicholia na panya waliokuwa washirika wa muda mrefu kuliko mtu yeyote. Wiki ya kwanza alitoa viti, wiki ya pili akatoa panya, kinanda akakigeuza meza ya kuandikia. Kisha akafungua dirisha linalotazama barabarani, ambalo lilikuwa limepigiliwa misumari, akaning'iniza kibao nje: KARIBU. ULIZA.

Watu wakauliza. Mtaa wetu una duka la vipuri, fundi viatu na mashine ya kusaga, kwa hiyo miezi ya mwanzo wengi waliuliza bei ya mkanda wa feni. Aliwajibu. Mpaka leo ukimtajia gari anakwambia mkanda wake, na mimi niliyezaliwa na spana mkononi sijawahi kumkamata amekosea.

Lakini wengine waliuliza yaliyomo ndani ya ukuta. Sisi ni kanisa huru, na mtu akisikia hivyo hakosi maswali. Kwa miaka thelathini na miwili yamekuwa yaleyale, kama gari za aina moja zinavyougua ugonjwa mmoja. Huru maana yake nini? Alijibu kwamba hatuna mkubwa wa mbali anayetupangia. Tunakaa wenyewe, tunaomba, tunabishana, tunapiga kura, halafu tunakunywa chai tukiwa tumenuniana kidogo. Na kwamba hapa hakuna anayezaliwa mshirika, hata mtoto wa mchungaji. Kila mtu anakuja kwa miguu yake na kusema kwa mdomo wake kwamba anamwamini Yesu Kristo.

Je, kuna kiingilio? Hakuna. Nilibatizwa nikiwa mchanga, nirudie? "Hilo kakae na mchungaji mzungumze. Hakuna atakayekuburuta majini." Mume wangu hataki, nifanyeje? "Usije kwetu kwa kumkimbia, mama, na usibaki nyumbani kwa kumwogopa. Mlete kwanza anywe chai." Nina mashaka, mnanipokea? "Njoo nayo, viti vipo." Na nikishaingia halafu nikatenda dhambi? Hapo alikuwa akivua miwani na kumtazama mtu vizuri. "Basi utakuwa umetuzoea."

Kuna mwalimu mmoja wa hesabu alikuja na maswali arobaini na moja, ameyaandika kwenye daftari la mistari, ameyapa namba. Mama Dirisha alilichukua daftari, akakaa nalo siku nne. Maswali thelathini aliyajibu kwa mwandiko wake wa duara. Kumi na moja aliandika "Sijui", na kwa kuwa ni mtu wa utaratibu, kila "Sijui" aliigongea muhuri wa kanisa. Mwalimu alisoma akiwa amesimama palepale barabarani. Akasema nyumba inayogonga muhuri juu ya "sijui" anaweza kuishi ndani yake. Leo ndiye mzee wa kanisa anayetusomea taarifa kila Jumapili, na anazisoma kama anasahihisha mtihani.

Sasa niseme habari ya penseli, maana hiyo ndiyo kazi yake hasa, na nje ya ofisi ile ni wachache wanaoijua.

Mwaka wake wa tatu kazini, kulikuwa na seremala aliyehudhuria ibada miezi sita bila kukosa. Alikaa mbele, aliimba kwa sauti, alitengeneza mimbari bure. Mama Dirisha akaona huyu bado nini tena? Akajaza fomu yake mwenyewe, akaingiza jina kwenye daftari la washirika kwa wino, na Jumapili likasomwa. Alitaka kumfurahisha. Seremala alisimama kati ya watu, akasema, "Nani kakwambia nimeamua?" Akachukua kofia yake akatoka. Hakurudi miaka minne.

Kwenye makanisa mengine labda lingekuwa jambo dogo. Kwetu sisi, kumwandika mtu ambaye hajajiandika ni kuvunja nguzo ya nyumba. Alitaka kuacha kazi. Wazee wakamkatalia, ndipo akatunga utaratibu wake: mtu akija, anajaza fomu kwa penseli, fomu inalala kwenye droo, naye anakwenda zake. Akiwa tayari anarudi mwenyewe, anachukua kalamu, anapitisha wino juu ya penseli yake. Hakumbushwi. Hafuatwi. Hapigiwi simu. Akikutana na Mama Dirisha sokoni, ataulizwa habari za watoto na bei ya nyanya, basi.

Seremala aliporudi, baada ya miaka minne hiyo, alipitia dirishani, akajaza penseli, na baada ya miezi mitatu akatia wino. Kisha akaleta kabati la mbao ngumu lenye droo moja pana, la kuwekea fomu za wengine. Ndilo lile lililopo mpaka leo. Halina hata msumari mmoja.

Kwa hesabu yangu, na mimi si mtu wa kuongeza chumvi isipokuwa nikiwa nasimulia, watu mia sita na zaidi wamepita kwenye droo hiyo. Wengine walilala humo wiki moja. Fundi viatu wetu alilala miaka tisa.

Halafu kuna mimi.

Nilikuja hapa miaka kumi na saba iliyopita, kutengeneza jenereta, kazi ya siku moja. Mke wangu alikuwa mshirika tayari, na Mama Dirisha alishamfanya mdogo wake, kwa hiyo mimi nikawa shemeji kabla sijafungua kisanduku cha spana. Shemeji maana yake utani, na utani ni fani yangu. Nilipomaliza jenereta nikaegemea dirisha nikamwambia anipe na mimi hiyo fomu, nione kama Mungu ana nafasi ya dereva mzoefu. Nikajaza huku nacheka. Nikafika mahali palipoandikwa: Kuna jambo lolote linalokuzuia? Kicheko kikaniisha. Nikaandika maneno mawili: Mama yangu.

Mama yangu aliugua nikiwa safarini. Lori lilikwama mpakani siku mbili, karatasi hazijakamilika. Mimi mtu wa mizaha nilipiga magoti ndani ya kebini, nikaomba nimkute. Sikumkuta. Nilikuta watu wanakunja maturubai ya msiba. Kwa hiyo nilimuuliza Mama Dirisha swali langu, na nililiuliza kwa ukali: kama Mungu alisikia, mbona alinyamaza?

Hakugonga muhuri. Alisema, "Sijui, shemeji." Kisha akaniambia habari ya mumewe, fundi cherehani aliyepoteza macho akiwa bado kijana. "Miaka kumi na mmoja nilimwomba Mungu amrudishie. Hakumrudishia. Bado namwomba, na bado namshika mume wangu mkono tunakuja kanisani. Hayo mawili ndiyo imani yangu. Ya tatu sina." Akachukua fomu yangu akaiweka kwenye droo. Kesho yake wazee wakaniajiri. Tangu siku hiyo hajanigusia tena habari ya fomu.

Kumi na saba! Nimebeba wachungaji watatu, maharusi sijui wangapi, na kwaya nzima mpaka gari likaomba radhi. Spika zote za ukumbi nimezifunga kwa mikono hii. Kila ibada nipo, nyuma kabisa, na mitambo. Watu wanadhani mimi ni mshirika. Mimi ni fomu ya penseli.

Mwaka huu wazee waliamua kwamba katibu mpya ataanza na kompyuta. Jambo jema, nami nilipiga makofi. Lakini kompyuta ina visanduku viwili tu, mshirika au si mshirika, na haina droo. Ikakubaliwa kwamba fomu zote za penseli zirudishwe kwa wenyewe pamoja na barua ya shukrani. Mama Dirisha aliomba jambo moja: barua asipeleke tarishi, apeleke yeye. Zilikuwa fomu kumi na nne. Dereva wa kumzungusha alikuwa nani? Nadhani mnajibu wenyewe.

Tulizunguka wiki tatu. Kila nyumba aliingia na bahasha, akatoka baada ya chai. Sita walitia wino palepale. Mmoja, muuguzi aliyetoka zamu, alitia wino juu ya boneti ya gari langu. Wanne walichukua fomu zao wakasema hapana, asante, na aliwaaga kwa furaha ileile, nikashindwa kujua nani kakubali nani kakataa mpaka aniambie. Mmoja alikuwa amehama. Wawili walikuwa wamefariki, na kwa hao alikaa sana, akawapa watoto wao zile karatasi zenye mwandiko wa baba na wa mama.

Hizo ni kumi na tatu. Ya kumi na nne ilikuwa imeshika usukani. Kila asubuhi nilijiandaa, nikatunga mizaha ya kujikinga, nikasema leo ataanza. Akaniuliza kuhusu pedi za breki. Siku ya mwisho nilishindwa, nikamuuliza kama hajasahau mtu. Akasema, "Sijasahau mtu, shemeji. Angalia barabara."

Juzi nilihamisha lile kabati kupisha meza ya kompyuta. Nikavuta droo ili lipungue uzito. Ndani ilibaki karatasi moja. Naujua mwandiko wangu, unafanana na nyayo za kuku aliyekanyaga oili. Lakini penseli ya miaka kumi na saba huwa inafifia, na hii ilikuwa nyeusi tii. Nikaisogeza dirishani kwenye mwanga. Kila herufi ilikuwa imepitiwa juu kwa penseli, tena na tena, mpaka karatasi imekaribia kutoboka. Hata mwaka wa kuzaliwa niliouandika vibaya ameupitia vibaya vilevile. Na yale maneno mawili, Mama yangu, ndiyo yaliyokolea kuliko yote.

Alikuwa amesimama nyuma yangu na kikombe. Nikamwambia, "Dada, kwa nini hukutia wino tu yakaisha?" Akasema kila mwanzo wa mwaka aliyaona yanataka kufutika. "Kuyatunza niliweza. Kuyatia wino ningekuibia."

Niliikunja fomu nikaitia mfukoni. Nilibeba kabati peke yangu, mzigo wa watu wawili, ili mtu asinione uso.

Sasa wasifu unatakiwa kutaja mipango ya mstaafu. Mipango yake ni mumewe. Kwa miaka yote hii wametembea pamoja jioni tu, baada ya kazi. Kuanzia mwezi ujao watatembea asubuhi, yeye akimsimulia mtaa: nani kapaka rangi duka, nani kanunua gari na mkanda wake wa feni ni upi. Fundi cherehani ameniambia wivu wake umeisha. Dirisha limekuwa naye saa nane kwa siku, sasa ni zamu yake.

Na wasifu unatakiwa kutaja shukrani. Asante, Mama Dirisha, kwa kutojua ulipokuwa hujui. Asante kwa kutosukuma mtu hata siku moja, wewe ambaye ungeweza kusukuma lori.

Mwisho, tangazo dogo, ambalo hata mke wangu atalisoma hapa kwa mara ya kwanza, nami naomba asipige kelele ukumbini. Tarehe thelathini, saa kumi kasoro robo, kabla dirisha halijafungwa, naomba foleni isiwe ndefu. Kuna mteja mmoja wa mwisho. Atapita nje, barabarani, kama mtu mwingine yeyote. Atakuwa na shati jeupe, fomu mkononi na kalamu yake mwenyewe ya wino, maana anajivunia vifaa vyake. Swali lake halijajibiwa, atakuja nalo. Aliambiwa viti vipo.

Tembea salama, shemeji yangu, wewe na mkono ulioushika. Asubuhi zako ziwe ndefu, na barabara nitaiangalia mimi.