Nyota Mbili za Mtu Mmoja

Wakubwa zangu, shikamooni. Wenzangu, mnaniona hapa Temeke nikicheka nanyi. Nawaambia, iko miaka niliyopita mitaa hii hii kama natembea usingizini.

Ilikuwa wakati wa vita, sukari tunaipangia foleni. Nililetewa posa. Upande wa mume wakapeleka majina kwa mwalimu wa falaki, langu na la mama. Akazihesabu herufi, akasema nyota yangu ni moto: mkali huyu, nyumba haitakalika. Posa ikarudi.

Toka hapo chungu kikifurika, watu wanasema ni nyota yake. Nikipunjwa sokoni nanyamaza, nisije nikawaka. Ndugu zangu, nilikuwa namwona mwanamke ananitangulia katika vumbi la alasiri, kavaa kaniki yangu, ana jina langu. Mie namfuata tu.

Vita vikaisha, ikaja posa ya fundi cherehani mmoja. Majina yakatakiwa tena. Ndipo shangazi aliyenilea, ninayemwita mama, akatanabahi kwamba safari ile lilipelekwa jina lake yeye. Aliyenizaa alifariki nikiwa mchanga. Likapelekwa jina la marehemu. Jibu likaja: nyota ya maji, mpole, mtulivu.

Nyumba ikajaa vigelegele. Majirani wale wale wakasema upole wangu waliuona zamani. Nikawatazama kama watu walio upande wa pili wa mvua. Nikauliza, "Mama, mie jana nilikuwa nani?"

Shangazi akaendelea kusuka ukili, kisha akasema, "Jana ulikuwa wewe. Unanuna ukiamshwa, unaimba ukitwanga, na mtoto akilia njiani lazima usimame. Mie nimekaa nawe, sikukuhesabu."

Nikahisi yule mwanamke wa mbele amesimama, nami nimemfikia.

Nikaomba fundi aje mwenyewe aniulize anachotaka kujua. Akaja, akakaa barazani, shangazi kati yetu. Akauliza mie hukasirishwa na nini.

"Kukatizwa nikisema."

"Basi tuna kazi," akasema. "Mie msemaji sana."

Ndoa hiyo ipo mpaka leo, na bado ananikatiza. Siku nyingine nawaka, siku nyingine namwacha aseme.

Namshukuru shangazi, namshukuru fundi wangu, nanyi mlionipokea katika chama hiki. Mlio na vijana wa kuoza, mkisikia habari za binti, nendeni mkachambue naye mchele. Mwulizeni yeye mwenyewe, kisha mngojeni amalize kusema.