Pishi ya Mfuto ya Kaka Yangu Dongguo Heng

Tulitangaza kwamba Dongguo Heng, mkaguzi wa vipimo katika soko la Linzi, angezikwa siku kumi zilizopita. Mlikuja, mkarudishwa, na leo mmekuja tena, na manung'uniko yenu nimeyasikia. Aliyeahirisha ni mimi, Rou, dada yake. Sababu nitaisema nikifika mwisho, maana marehemu alikuwa mtu wa utaratibu.

Marehemu alizaliwa mwezi wa tatu, mwaka wa kumi na moja wa utawala wa babu wa mtawala wetu wa sasa, karibu na lango la mashariki. Alikuwa mtoto wa kwanza wa mzee Dongguo Pi, muuza chumvi. Mimi nilimfuata miaka sita baadaye, na katika maisha yangu yote hakuwahi kunigawia kunazi pungufu wala za ziada.

Alisoma miaka minne kwenye lango la magharibi, pale wenye hekima wanapobishana mpaka koo zinawakauka. Siku moja walibishana kama haki imo moyoni mwa mtu au inatoka kwenye sheria ya mtawala. Walipomgeukia yeye, alisema, "Nileteeni pishi tuijaze, tuifute ilingane na ukingo wake, tuone." Walimcheka sana. Mwalimu Qin Lu, aliyeketi pale mbele leo, alikuwa mmoja wa waliocheka.

Mwaka wa thelathini na nne wa utawala huo huo alimposa wifi yangu, Jiang Yun. Mama mkwe, kwa furaha yake, alimpimia mtama wa kupeleka nyumbani, pishi ya kurundika. Kaka akachukua kifutio, akausawazisha, mrundo wote ukarudi kapuni.

"Yun, mwanangu, ndiye huyu uliyemwona?" mama mkwe aliuliza.

"Ndiye, mama," wifi alijibu. "Angalau nitajua siku zote nimepata kiasi gani."

Akiwa na miaka thelathini kaka alikabidhiwa nyundo ya ukaguzi. Mara mbili kwa mwaka, usiku na mchana vinapolingana, vipimo vyote vya soko huletwa mbele ya mkaguzi, na kilichopungua huvunjwa hadharani. Mwaka wa pili wa mtawala wa sasa kulikuwa na ukame, na watu walikuwa wanauziwa mtama wa ghala kuu. Msimamizi wa ghala alileta pishi ishirini. Zote zilikuwa zimenenepeshwa tako kwa ndani. Kila moja ilipungua konzi.

"Bwana mkaguzi, hizi ni za mtawala," alimnong'oneza. "Zipitishe, twende zetu tukanywe."

"Zingekuwa za mtawala zingejaa," kaka alisema, akainua nyundo.

Alizivunja zote ishirini. Nilikuwepo.

Tulidhani atakatwa mguu, adhabu ya anayemkaidi mtawala. Alifukuzwa kazi, akauza nyungo nje ya lango kwa miaka mitatu. Lakini wafanyabiashara wa nchi jirani za Yan na Lu walizisikia habari hizo, wakaanza kupeleka farasi na ngozi zao kwingine, kwa kuwa hawakuiamini tena pishi ya Linzi. Mtawala akamwita.

"Ukirudi, utavunja vyombo vyangu tena?"

"Vikipungua, bwana wangu, nitavunja."

Mtawala akamrudishia nyundo. Kaka aliishika miaka kumi na tisa zaidi. Ndiyo, najivuna, na sioni aibu kujivuna hapa.

Kifua kilianza kumbana mwezi wa kumi mwaka jana. Mganga alimpa vibaba viwili vya dawa. Aliipima kwanza ndipo akainywa. Alifariki asubuhi ya siku ya tisa ya mwezi wa pili, wifi Yun amemshika mkono, siku sita kabla ya ukaguzi.

Sasa sababu. Mnajua vyombo vya kaburini havifinyangwi kwa matumizi. Mfinyanzi alileta pishi ya udongo ya kuwekwa kando ya mkono wake, nzuri, ina jina lake. Nikaijaza mtama. Ilipungua konzi.

"Mama, hiyo ni ya kaburi," mfinyanzi aliniambia. "Marehemu hapimi kitu."

"Huyu atapima," nikamjibu.

Niliivunja pale uani kwa nyundo ya kaka. Mwanawe mkubwa, Ke, alinisihi, "Shangazi, siku njema imeshachaguliwa, ikipita tutaandamwa na mkosi." Nikamwambia mkosi na uje kwangu. Ningemzika vipi na kipimo pungufu, kitu alichokaribia kukatwa mguu kwa kukikataa? Kufinyanga, kukausha na kuchoma nyingine kumechukua siku kumi.

Ameacha mjane, Jiang Yun, watoto watatu, Ke, Shan na binti, Wan, wajukuu watano, na mimi.

Pishi mpya iko pale, imejazwa mtama na kufutwa kwa kifutio chake mwenyewe. Nimeipima mara tatu. Lala salama, kaka. Ukiikagua, utaipitisha.